Swichi ya Kiwandani na Dhoruba ya Fremu

Swichi ya kiwandani ni kisanduku cha chuma kinachounganisha vifaa vinavyopeana taarifa kwa njia ya data: vipima joto na shinikizo, vidhibiti vya pampu, mizani, kamera na kompyuta za chumba cha udhibiti. Hupokea fremu, yaani kifurushi cha data, katika poti moja, husoma anwani ya inakokwenda, kisha huipeleka kwenye poti inayostahili. Swichi ya ofisini hufanya vivyo hivyo, lakini ya kiwandani imeundwa kuishi pagumu. Haina feni, kwani feni huvuta vumbi. Joto lake hutoka kupitia mbavu za ganda. Hufungwa ndani ya paneli ya umeme kwenye reli ya upana wa milimita 35, hulishwa umeme wa volti 24 kutoka vyanzo viwili, na nyingi hustahimili kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 75 za Selsiasi.

Kiwanda cha sukari ni mahali panapoonyesha vizuri kwa nini kifaa hiki kinahitajika. Turiani, wilayani Mvomero nchini Tanzania, chini ya Milima ya Nguru, kipo Kiwanda cha Sukari Mtibwa, kilichoanza katika miaka ya mwanzo ya 1960 na kubinafsishwa mwaka 1998. Kazi ya viwanda vya aina hii haisubiri. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na ukilala zaidi ya siku moja au mbili bila kusagwa hasara huonekana. Kwa hiyo msimu unapoanza, masika yakishapita, vinu husaga usiku na mchana. Makapi ya miwa hulisha boila, boila hutoa mvuke, mvuke huzungusha jenereta na kuchemsha maji ya miwa hadi yawe shira, na mashine za kuzungusha kwa kasi hutenganisha fuwele na molasi. Hatua zote zimefungamana. Pampu moja ya maji ya boila ikisita, vinu navyo vitasita, na malori ya wakulima wa nje yatapanga foleni uwanjani huku miwa ikikauka.

Pale ambapo hatua hizo zinaongozwa kwa PLC, yaani kompyuta ndogo za kuongoza mitambo, mtandao unaoziunganisha huwa sehemu ya mtambo wenyewe. Hapo ndipo maswali mawili ya swichi huanza: kila poti iruhusiwe kupitisha data kiasi gani, na mambo yakiharibika nani aambiwe, kwa njia ipi.

Swali la kwanza linatokana na tabia ya ethaneti, teknolojia iliyobuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California. Fremu nyingi humwendea mpokeaji mmoja, lakini nyingine ni za matangazo: swichi huzitoa katika poti zake nyingine zote ili kila kifaa kizisome. Matangazo machache ni ya lazima, kwa mfano kifaa kinapotafuta anwani ya mwenzake. Hatari inakuja nyaya zinapofanya mzunguko. Fremu ya ethaneti haina kihesabio cha kuifuta baada ya kupita swichi kadhaa, hivyo tangazo moja likiingia katika mzunguko litazunguka bila kikomo, na katika kila swichi litatoa nakala kwenda poti nyingine. Ndani ya muda mfupi sana njia hujaa. Hii ndiyo dhoruba ya matangazo.

Kiwandani mizunguko hiyo huzaliwa kirahisi. Fundi wa zamu ya usiku huona waya unaning'inia na kuuchomeka katika poti ya karibu. Mara nyingine mzunguko umewekwa makusudi: swichi hupangwa katika pete ili waya mmoja ukikatika data ipite upande wa pili. Pete ya namna hiyo huhitaji swichi moja kuwa msimamizi, ambayo huziba upande mmoja wakati wa kawaida na kuufungua pale upande mwingine unapokatika. Katika itifaki ya MRP marekebisho hayo kwa kawaida hukamilika ndani ya milisekunde 200 kwa pete yenye hadi swichi 50. Msimamizi akisahaulika katika mipangilio, pete iliyojengwa kwa ajili ya usalama hugeuka kuwa chanzo cha dhoruba. Kadi ya mtandao iliyoharibika nayo inaweza kumwaga fremu ovyo, bila mzunguko wowote.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi Agosti 19, 2006 katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimboni Alabama, Marekani. Pampu mbili za kuzungusha maji katika kinu namba 3 zilisimama, na waendeshaji wakalazimika kuzima kinu kwa mkono. Uchunguzi ulionyesha kwamba vidhibiti vya kasi ya pampu hizo viliacha kuitikia kwa sababu ya wingi wa data katika mtandao wa mitambo, na kidhibiti cha mfumo wa kusafisha maji kikatajwa kuwa huenda ndicho chanzo. Mwaka 2007 tume ya nyuklia ya nchi hiyo ilivitahadharisha vituo vingine kuhusu tukio hilo. Hakuna waya uliokatika wala mota iliyoungua. Kompyuta ndogo ndani ya kidhibiti ilizidiwa na fremu ambazo hazikuihusu, kwa kuwa kila tangazo lazima kwanza lipokelewe ndipo litupwe.

Hesabu inaeleza ukubwa wa mzigo huo. Fremu ndogo kabisa ya ethaneti ina baiti 64. Ukiongeza utangulizi na nafasi kati ya fremu, inachukua njia ya baiti 84. Poti ya megabiti 100 kwa sekunde inaweza kubeba fremu za namna hiyo takriban 148,800 kila sekunde. Kompyuta ya mezani itapumua kwa shida. Kidhibiti chenye prosesa ndogo kinaweza kuganda.

Kinga yake ni kikomo cha data kwa kila poti. Swichi nyingi hukitekeleza kama ndoo inayotiwa tokeni kwa kasi maalumu: kila fremu inayopita hulipa tokeni, na ndoo ikiwa tupu fremu hutupwa au husubirishwa. Ukubwa wa ndoo huruhusu mkupuo mfupi upite bila adhabu, jambo la lazima, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika vifaa vyote hutangaza uwepo wao kwa pamoja.

Kikomo kinaweza kuwekwa katika data inayoingia au inayotoka. Kikomo cha inayoingia ndicho kinga ya dhoruba, kwani huzuia uchafu mlangoni kabla haujaenea, na kwa kawaida hulengwa kwa aina tatu tu: matangazo, fremu za kundi, na fremu ambazo swichi haijui mwenye anwani yake yuko poti gani. Fremu za kundi zinahitaji uangalifu, maana baadhi ya itifaki za viwandani husafirisha vipimo halisi kwa njia hiyo. Kikomo kikali mno kwao huua taarifa za mtambo zenyewe. Vivyo hivyo, poti ya PLC haifai kuwekewa kikomo cha jumla cha data zote. Mfumo wa mawasiliano wa Profinet, kwa mfano, kwa kawaida huvumilia kukosa taarifa za awamu tatu mfululizo tu kabla kifaa hakijaingia katika hali ya usalama, na fremu iliyotupwa na swichi hairudishwi.

Kikomo cha data inayotoka kina kazi tofauti, ambayo ni kugawa njia nyembamba. Kamera ya ulinzi inaweza kutuma megabiti 4 kwa sekunde bila kupumzika. Kamera kumi zikishiriki waya mmoja na mizani ya kupimia malori, uzito wa mzigo wa mkulima ndio unaochelewa kufika ofisini, na mzigo huo ndio malipo yake. Kamera zipunguzwe, mizani ipewe kipaumbele.

Namba yenyewe itoke wapi? Miongozo mingi hupendekeza asilimia fulani ya uwezo wa poti, lakini asilimia hudanganya. Asilimia 1 ya poti ya megabiti 100 ni megabiti 1 kwa sekunde, ambayo kwa fremu kubwa za baiti 1,518 ni fremu 81 hivi, na kwa fremu ndogo ni takriban 1,488. Kidhibiti huchoshwa na idadi ya fremu kuliko wingi wa biti. Swichi inayokubali kikomo cha fremu kwa sekunde hutoa kinga iliyo sahihi zaidi. Hakuna kitabu kinachoweza kutoa namba hiyo kwa kiwanda kisichokijua. Lazima ipimwe pale pale, vinu vikiwa vinasaga kwa nguvu zote, kwa siku kadhaa zenye kuwasha na kuzima ndani yake. Kilele kilichoonekana katika hali ya uzima huongezewa nafasi, mara nyingi maradufu au zaidi, na hapo ndipo kikomo huwekwa. Vipimo vya wakati wa matengenezo, mitambo ikiwa imelala, havifai kitu.

Kikomo pekee, hata hivyo, kinaweza kuficha ugonjwa. Swichi itaendelea kutupa fremu za dhoruba kwa wiki nzima, mitambo ikienda, huku waya uliochomekwa vibaya ukiwa bado pale. Kwa hiyo kila kikomo kinahitaji tahadhari yake.

Kwa njia ya mtandao, tahadhari husafiri zaidi kwa SNMP, itifaki iliyotoka mwaka 1988. Kompyuta ya usimamizi huiuliza swichi hali yake kupitia poti ya kimantiki namba 161, na swichi hutuma ujumbe wa dharura bila kuulizwa kwenda poti namba 162. Toleo la tatu linaweza kusimba ujumbe na kuthibitisha mtumaji. Matoleo ya zamani hutegemea neno la siri linalosafiri wazi, na vifaa vingi hutoka dukani vyote vikiwa na neno lile lile, kwa hiyo ni lazima libadilishwe. Nyongeza iitwayo RMON, ya mwaka 1991, huiwezesha swichi kujipima yenyewe kwa vizingiti viwili. Fremu za matangazo zikivuka cha juu, tuseme 500 kwa sekunde, ujumbe mmoja hutumwa. Mwingine hautatumwa mpaka idadi ishuke chini ya kizingiti cha chini, tuseme 200, kisha ipande tena. Bila pengo hilo, namba inayochezacheza karibu na kizingiti ingezaa mamia ya ujumbe kwa saa, na watu wa zamu wangeacha kuusoma.

Ujumbe wa SNMP una udhaifu mkubwa: kwa kawaida hutumwa bila kudai risiti, tena hupita katika mtandao ule ule uliojaa. Siku ya dhoruba ndiyo siku ambayo ujumbe huo unaweza kupotea. Ndiyo sababu swichi za kiwandani zina kitu ambacho za ofisini kwa kawaida hazina, yaani relei yenye skrubu mbili za kufungia waya. Waya huo huenda moja kwa moja kwenye taa au king'ora cha chumba cha udhibiti, bila kupitia data yoyote. Relei hushikiliwa na umeme swichi ikiwa nzima, na huachia chanzo kimoja cha umeme kikikatika, poti iliyoteuliwa ikikosa mawasiliano au pete ikivunjika. Swichi ikifa kabisa relei nayo huachia, na king'ora hulia. Ziteuliwe poti za PLC, za boila na za pete. Poti ya kompyuta ya mkononi ya fundi isiteuliwe, kwani huchomolewa kila siku.

Saa za swichi zote zilinganishwe na chanzo kimoja kwa itifaki ya NTP. Tahadhari sita kutoka swichi sita huonyesha tatizo lilipoanzia iwapo tu saa zinakubaliana.

Majaribio hufanyika kabla ya msimu, boila likiwa baridi. Waya wa pete huchomolewa na king'ora husikilizwa. Chanzo kimoja cha umeme huzimwa. Mzunguko huundwa makusudi kati ya poti mbili za akiba ili kuona kama kikomo kinashika na ujumbe unafika. Kisha mipangilio huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kudumu. Katika swichi nyingi mabadiliko hufanya kazi mara moja lakini hukaa katika kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika usiku swichi huamka na mipangilio ya zamani, haina kikomo wala tahadhari. Nakala huwekwa pia nje ya swichi, pamoja na orodha ya vikomo na tarehe vilipopimwa, na vipimo hurudiwa kila mashine mpya inapoungwa.