Musanze au Byumba? Kutafuta mji wa chuo kabla ya kuihama Gatsata

KWA miaka 14 nimeishi Gatsata, mtaa unaojulikana Kigali nzima kwa gereji na vipuri vya magari. Mgeni akisikia nyundo zikigonga bati tangu alfajiri, ajue amefika kwetu. Nyumba yetu iko mteremkoni, juu ya hizo gereji, na kila masika mke wangu hapati usingizi. Mvua ikianza usiku tunaamka, tunavaa viatu na kukaa kimya tukisikiliza udongo.

Mwaka huu tumeamua kuondoka. Nimepata nafasi ya kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya mashambani, upande ambao wilaya ya Burera inapakana na Rulindo. Ingekuwa ni mimi peke yangu ningepanga chumba jirani na shule, nikamaliza. Lakini binti yetu wa kwanza anamaliza sekondari, na anataka kusomea kazi ya maabara ya hospitali. Mshahara wa mwalimu wa sekondari uliongezwa asilimia 40 mwezi Agosti 2022, nasi tunashukuru, ila hautoshi kulipa ada ya chuo pamoja na kodi ya chumba cha mtoto anayeishi mbali na nyumbani. Kwa hiyo tunatafuta mji wenye chuo, ambao yeye atalala kwetu na mimi nitaweza kwenda kazini na kurudi.

Jambo hili si geni kwangu. Mimi ni mtoto wa ukimbizini. Nilisoma Karagwe, Tanzania, hadi kidato cha sita, nikarudi Rwanda mwaka 1998 nikiwa na Kiswahili ambacho ndugu wengi walikiona lugha ya sokoni na kambini. (Walipokifanya lugha rasmi mwaka 2017, nilitembea kifua mbele wiki nzima.) Kule Karagwe marehemu baba alituhamisha mara mbili kufuata shule. Mara ya pili shule ilikuwa nzuri, lakini maji yalikuwa mbali kiasi kwamba tulifika darasani tumechoka kwa kubeba ndoo. Baba alikuwa ameuliza habari za shule tu.

Ndiyo maana safari hii nilikwenda mwenyewe, tena wakati wa mvua.

Mkoa wa Kaskazini una vyuo vingi kuliko watu wa Kigali wanavyodhani, lakini si kila chuo kina mji. Kule Butaro, wilayani Burera, kipo Chuo Kikuu cha Global Health Equity, ambacho majengo yake yalizinduliwa Januari 2019 karibu na hospitali iliyofunguliwa 2011. Ni mahali pa kupendeza, lakini wanafunzi huishi ndani ya chuo, na nje ya geti ni kijiji. Tumba, huko Rulindo, ni chuo cha ufundi juu ya mlima. Busogo, upande wa Rubavu, ni kilimo na mifugo, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda tangu vyuo vya serikali vilipounganishwa 2013. Hivi vitatu niliviondoa mapema.

Ikabaki miji miwili. Barabara ya lami inayotoka Base kwenda Gicumbi imeleta jambo ambalo zamani halikuwepo: kutoka shuleni kwangu naweza kulala Byumba au Musanze, na nauli haitofautiani sana.

Mke wangu anaitaka Byumba. Mama yake ana kiwanja huko, na mabasi yake hupita hapa hapa Gatsata, kama kilometa 60 hivi. Kuna UTAB, chuo kilichoanza mwaka 2006 kikiitwa Institut Polytechnique de Byumba. Nilifika Ijumaa jioni. Mji uko mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inaingia mpaka kwenye blanketi. Kodi ni nafuu. Watu ni wapole.

Mama mmoja anayepangisha vyumba kwa wanafunzi, vile wanavyoviita geto, alinikaribisha chai. Alijenga vyumba vinane kwa mkopo. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa mwishoni mwa Februari 2019, wafanyabiashara waliokuwa wakipanga kwake wakapungua. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi nao wakaondoka. Mpaka haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi nilidhani nina wapangaji wa aina mbili. Kumbe wote walikuwa wanategemea barabara moja."

Maneno hayo nilirudi nayo Gatsata. Mke wangu alinuna kidogo.

Musanze, ambayo wazee bado wanaiita Ruhengeri, iko kama kilometa 90 kutoka Nyabugogo, na basi halikosi kusimama Nyirangarama watu wanunue mandazi na pilipili. Hapa chuo kikifungwa mji haulali. Kuna watalii wa sokwe, kuna soko la viazi vinavyokwenda hadi Kigali, na serikali imeiweka katika ile miji sita inayotakiwa kuipunguzia Kigali mzigo. INES-Ruhengeri, chuo cha jimbo Katoliki kilichoanza 2003, kinafundisha sayansi za maabara ya tiba, ndicho anachotaka binti yangu. Hilo peke yake lilinifanya nitake kusaini siku ile ile.

Kisha nikaulizia kodi. Nyumba ya vyumba vitatu karibu na katikati ya mji ilitajwa kwa bei ya Gatsata, na nyingine ikazidi. Ukiwa na hoteli na wageni wenye dola, mwalimu huwi mteja anayesubiriwa. Aliyenitembeza akanishauri nitafute nje kidogo, upande wa barabara ya Cyanika, na kweli nilipata nyumba ya mawe meusi ya volkano, safi, yenye bustani ya kutosha kupanda viazi na kabichi.

Nikamuuliza mzee wa jirani maji ya mvua yanapita wapi. Akaninyoshea mkono kwenye korongo kavu lililokuwa kama hatua 200 kutoka pale. Korongo linatoka Birunga, akasema, na mara nyingi halina hata tone. Lakini mvua ikinyesha juu, maji hushuka kwa ghafla hata kama mjini kuna jua. Sote tunakumbuka usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, pale mafuriko na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130, wengi wao Mkoa wa Magharibi, wengine humu humu Kaskazini. Kuhama mteremko wa Gatsata ili ukalale kando ya korongo, utakuwa umefanya nini?

Mzee akacheka, akanionyesha nyumba nyingine upande wa juu wa barabara. Haina bustani, na choo kiko nje. Lakini ilijengwa zamani, na maji hayajawahi kuifikia.

Tumeichagua hiyo. Nimeomba mkopo Umwalimu SACCO kwa ajili ya kodi ya miezi sita, na kiwanja cha Byumba mama mkwe atakilima ngano kwanza. Mke wangu amekubali kwa sharti moja: Jumamosi ijayo, mvua inyeshe isinyeshe, tunakwenda wote wawili, na yeye mwenyewe atahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye lile korongo.