Kome Watoboa Miamba na Kasoro ya Neno "Mavuno"

Katika taarifa za uvuvi, neno mavuno hutumika kwa samaki, pweza na chaza bila kubagua. Dhana iliyomo ni ya msimu: avunaye leo hutarajia kuvuna tena. Makala hii inaeleza, kwa mfano wa kome wa Bahari ya Mediterania aitwaye kisayansi Lithophaga lithophaga, jinsi dhana hiyo inavyoweza kumpotosha mshauri wa sera.

Kome huyu huishi ndani ya mwamba wa chokaa. Tezi zake hutoa ute unaoyeyusha chokaa, naye husonga ndani kadiri anavyokua. Ukuaji wenyewe ni wa polepole mno: hukadiriwa kuchukua miaka 15 hadi 35 kufikia urefu wa sentimita 5. Huenda aliyewekwa sahanini ana umri kuliko mhudumu aliyemleta.

Kumtoa ni kuvunja mwamba, kwa nyundo na patasi, pengine hata kwa baruti. Mwani na sifongo zilizoota juu huondoka pamoja na jiwe, na mahali hapo huweza kubaki patupu kwa miaka mingi. Mabuu wa kome huelea majini kabla ya kutua. Hata wakitua, kizazi kipya kitafikia ukubwa wa kuuzwa baada ya miongo.

Kuwahesabu nako kuna mtego. Tundu hubaki baada ya kome kufa. Huko Pozzuoli, karibu na Napoli, nguzo za marumaru za soko la Kirumi zina mkanda wa matundu ya kome, ilhali sasa zimesimama nchi kavu. Charles Lyell aliweka picha yake mwanzoni mwa kitabu chake cha jiolojia cha mwaka 1830, kama ushahidi kwamba ardhi ilizama kisha ikainuka. Anayehesabu matundu pekee angeziandika nguzo hizo kuwa makazi yenye kome tele.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 haikuweka kiwango cha kuvua. Ilipiga marufuku kabisa kuvua na kuuza, ingawa biashara ya siri imeendelea.

Jamaa za kome huyu wamo pia katika miamba ya matumbawe ya Afrika Mashariki. Kwa waandaao miongozo ya pwani kwa Kiswahili, istilahi uchimbaji inafaa kuliko mavuno, na safu ya "matundu" itenganishwe na ya "kome hai".