Kushika Nafasi ya Mwingine kwa Kiingereza

Mji wa Mikumi umo katika wilaya ya Kilosa, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Mwalimu mkuu wa shule iliyo huko huitwa mara kwa mara kwenda Kilosa mjini kwa mikutano. Na iwe kwamba ameitwa kwa siku 3. Shule haikai bila mkubwa, kwa hiyo amwachia mwalimu wa pili funguo na daftari. Siku ya pili yaja barua ya Kiingereza kutoka kwa watu wa ng'ambo wapendao kuipa shule vitabu. Mwalimu wa pili aijibu kwa adabu, naye aandika: "I have taken over from the headmaster."

Nia mbaya hana hata kidogo. Alitaka kusema kwamba anashika nafasi ya mkubwa wake mpaka arudi. Lakini maneno yale yasema kwamba mkubwa amekwisha kuondoka, na cheo kimepata mwenyewe mwingine. Barua itakayofuata itakuja kwa jina la mwalimu wa pili, naye mwalimu mkuu ataisoma na kuuliza ni nani aliyemwondoa kitini. Ilimpasa kuandika: "I am standing in for the headmaster until Friday." Hayo hayamwondoi mtu.

Asili ya kosa hili ni tofauti ya lugha mbili. Kiswahili hugeuza maana ndani ya kitendo chenyewe: shika, shikia, shikilia, simama, simamia. Kiingereza hakifanyi hivyo. Huacha kitendo kilivyo, kisha hukiongezea neno dogo nyuma yake, na neno hilo dogo ndilo libebalo maana yote. "Stand" ni kusimama. "Stand by" ni kukaa tayari. "Stand for" ni kuwa alama ya kitu, au kugombea uchaguzi. "Stand in for" ndiko kushika nafasi ya mtu kwa muda. Mwanafunzi akiliacha lile "in", amekwisha kusema habari nyingine kabisa.

Wala asijaribu kufasiri neno kwa neno. "Sit in for" hutumika mtu akishika nafasi ya mwenzake mkutanoni. Lakini mwenye kusema kwa Kiswahili kwamba amemkalia mwenzake, watu watamwendea mbio kumwokoa huyo aliyekaliwa! Tena "sit in on" ni kuhudhuria na kusikiliza tu, bila nafasi ya mtu yeyote. "Fill in for" ni kujaza pengo la mwenzi asiyekuwapo, kama mchezaji aingiaye kwa sababu mwingine ni mgonjwa; bali "fill in" peke yake ni kujaza karatasi ya maswali.

Yenye hatari kuliko zote ni "cover for". Karani wa stesheni ya Kilosa aliyemshikia zamu mwenzake aweza kusema, "I covered for him," na kweli atakuwa amesema sawa. Lakini maneno hayo hayo yana maana ya kumfichia mtu kosa lake. Kama siku ile fedha zimepotea, mwenye kuyasikia atayapima kwa namna ya pili. Heri karani aseme, "I worked his shift."

Jambo la ajabu ni kwamba lugha nyingine nazo zimeifuata njia ya kusimama na kushika. Neno letu "kaimu" latoka katika Kiarabu, na asili yake ni mwenye kusimama: asimamaye mahali pa mwingine. "Makamu" ni la mzizi ule ule. Na "luteni" wa jeshi, jina lake lilitoka kwa Wafaransa likapita kwa Waingereza, nalo maana yake ni mshika mahali.

Tofauti ya "stand in for" na "take over from" yaonekana wazi katika mambo ya nchi. Januari 1962 Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika, na Rashidi Kawawa akaupokea: hapo ni "took over from". Kwa Ibara ya 37 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Rais akiwa nje ya nchi kazi zake hufanywa na Makamu wa Rais, au asipokuwapo, Waziri Mkuu. Hapo ni "stands in for", kwa maana Rais akirudi, kiti ni chake. Lakini John Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa tarehe 19 Machi kuwa Rais mwenyewe. Mwenye kuandika kwamba alikuwa "standing in" amekosa.

Katika kutia sahihi barua, naibu ni "Deputy", na cheo hicho anacho hata mkubwa wake akiwapo ofisini. Kaimu ni "Acting", nacho hukoma siku mwenyewe arudipo. Asiye naibu wala kaimu, aliyetumwa tu kuitia sahihi barua moja, huandika "k.n.y.", yaani kwa niaba ya, na Kiingereza hutosheka hapo na neno moja dogo: "for".