Kiumbe, Kitu au Uwepo? Lugha ya Mjadala Kuhusu Kuwapo kwa Mungu

Utetezi wa imani ni taaluma kongwe katika Ukristo. Jina lake katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na neno la Kiyunani apologia, yaani maelezo ya mshtakiwa anapojitetea mahakamani. Waraka wa Kwanza wa Petro (3:15) unawahimiza waumini wawe tayari kumjibu kila anayewauliza sababu ya tumaini lao. Aidha, katika karne ya 2, Mtakatifu Yustino aliwatetea Wakristo kwa maandishi mbele ya watawala wa Roma.

Katika karne ya 20 utetezi huo ulifika redioni. Tarehe 28 Januari 1948, BBC ilitangaza mjadala baina ya Frederick Copleston, padri Mjesuti na mwanahistoria wa falsafa, na Bertrand Russell, mwanamantiki aliyetangaza kwamba kuwapo kwa Mungu hakujathibitishwa wala kukanushwa. Kabla ya kuanza kulumbana, walikubaliana kuhusu maana ya neno Mungu: mwenye nafsi, aliye mbali na ulimwengu na aliyeuumba.

Hoja kuu ya Copleston ilikuwa hivi: kila tunachokiona ulimwenguni kingeweza kutokuwapo, na sababu ya kuwapo kwake iko nje yake. Mtoto ana wazazi, nao wazazi wana wazazi wao. Hata tukiurefusha mnyororo huo bila kikomo, bado tutahitaji sababu ya mnyororo mzima. Basi, pana kilichopo kwa lazima.

Russell alipinga kwa hoja mbili. Kwanza, ulazima ni sifa ya kauli za kimantiki, si ya vitu. Pili, sifa ya sehemu si lazima iwe sifa ya jumla: kila binadamu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama. Kwake, ulimwengu upo tu. Copleston naye aliona kwamba anayekataa kuketi kwenye sataranji hawezi kushindwa mchezo huo.

Je, mjadala huu ungeendeshwaje kwa Kiswahili? Hapa ndipo penye utata. Mfasiri mwepesi angesema kwamba Copleston alithibitisha "kiumbe cha lazima". Hata hivyo, kiumbe ni neno lililotokana na kitenzi umba: kiumbe kimeumbwa. Mungu wa Copleston hakuumbwa, hivyo basi neno hilo linambomolea padri hoja yake. Wakati huohuo linamwonea Russell, kwani palipo na kiumbe pana muumba. Neno maumbile nalo lina mzizi uo huo. Anayelitumia kukana kuwapo kwa muumba huanza kwa kumkiri.

Ngeli pia hazikai kando. Tukisema "kilichopo kwa lazima", tunamweka Mungu katika ngeli ya KI-VI, jambo ambalo muumini ataliona kuwa utovu wa heshima. Tukisema "aliyepo kwa lazima", upatanisho wa A-WA umekwisha kumpa nafsi. Ilhali kuonyesha kwamba kilicho cha lazima kina nafsi ni hatua ya pekee inayohitaji hoja yake. Sarufi itakuwa imeiruka hatua hiyo kimyakimya, na msikilizaji atadhani imethibitishwa.

Yamkini nomino dhahania ndiyo iliyo na insafu zaidi. Istilahi kama "uwepo wa lazima" na "uwepo tegemezi" hazimtangulizi muumba wala hazimkani. Mtetezi wa imani atalazimika kupanda ngazi moja baada ya nyingine, na mpinzani wake ataweza kuonyesha ni ngazi ipi iliyovunjika.

Ni bayana, basi, kwamba kazi ya mwanaisimu katika malumbano ya aina hii si kuamua nani mshindi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mshindi hapatikani kwa hila ya kiambishi. Imani iliyoshinda kwa msaada wa ngeli haijatetewa bado, na shaka iliyoshindwa kwa njia hiyo haijajibiwa.