Msindikize Anaporudi

Familia nyingi humsindikiza mgonjwa kwenda hospitali, kisha humwacha arudi peke yake kwa kuwa ameshatibiwa. Kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, desturi hiyo ina hatari. Kama nauli ya msindikizaji inatosha safari moja tu, itunzwe kwa safari ya kurudi.

Kwa muda wa saa 4 hivi, mashine huondoa maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa kwa siku mbili au tatu, mara nyingi lita 2 au zaidi. Baada ya hapo presha huweza kushuka, hasa mgonjwa akiinuka ghafla: kichwa kinazunguka, macho yanaingia giza, misuli ya miguu inakaza. Aidha, wagonjwa wengi hupewa heparini ili damu isigande ndani ya mashine, kwa hiyo matundu mawili ya sindano mkononi yanaweza kuvuja tena. Sasa mtazame amesimama kwenye daladala iliyojaa, bandeji imebandikwa mkononi, na mkono huohuo umeshika bomba. Breki moja ya ghafla, bega la abiria mwenzake, na bandeji inaanza kuloa. Msindikizaji aliyefundishwa angempatia kiti, akaligandamiza tundu kwa vidole dakika 10 bila kuchungulia, na damu isipokata, akamrudisha hospitali.

Wapo watakaouliza: ratiba ya kawaida ni mara 3 kwa wiki, yaani safari 156 kwa mwaka, nani ataacha shughuli zake siku zote hizo? Hoja hiyo ni nzito, na mtu mmoja haziwezi safari zote hizo. Ndugu na majirani wanaweza kupeana zamu, na siku asipopatikana mtu, dereva wa bajaji anayefahamika aitwe. Kwenye bajaji mgonjwa huegemea, wakati bodaboda humtaka ajishikilie kwa nguvu asizokuwa nazo. Wengine husema mgonjwa ameshazoea. Lakini mazoea hayapandishi presha. Hospitali nazo zitasema wauguzi ni wachache, nao kweli wamelemewa. Hata hivyo, kumpima presha akiwa amesimama huchukua dakika chache, na kumuuliza "Nani anakuchukua?" kabla ya kumfungulia mlango ni sentensi moja. Jibu likiwa "hakuna", aendelee kuketi kwanza, na simu ipigwe nyumbani.