Umeme wa Jua: Tusilipe Ufundi kwa Butura

Msafiri apitaye barabara ya kutoka Bukoba kwenda Muleba, kwa njia ya Kemondo na Muhutwe, hashangai tena kuona paneli za umeme wa jua zikimeremeta juu ya mapaa ya bati katikati ya migomba. Miaka michache iliyopita vitu hivyo vilikuwa vya zahanati na misheni. Leo ni vya mkulima wa kahawa, vya mwalimu, vya mwenye duka la rejareja, na vya mvuvi aishiye katika visiwa vya Bumbire na Goziba. Hayo ni maendeleo, na ni wajibu wetu kuyapongeza. Lakini nyuma ya baadhi ya paneli hizo imo huzuni isiyoonekana kutoka barabarani, na hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumza leo.

Tunamfahamu mwalimu mstaafu mmoja wa Wilaya ya Muleba. Baada ya msimu mzuri wa kahawa alimwita fundi aliyesifiwa gulioni. Fundi alifika, akatazama paa kwa dakika chache, akataja bei ya jumla, naye mwalimu akamlipa fedha zote siku ile ile ili vifaa vikanunuliwe mjini. Vifaa vilikuja, taa zikawaka, na nyumba nzima ikashangilia. Masika yalipoingia, taa zilianza kuzimika saa mbili za usiku. Kabla ya mvua kwisha, hazikuwaka kabisa. Ndipo ilipogundulika kuwa paneli iliwekwa upande unaofunikwa na kivuli cha mparachichi tangu saa nane mchana, na kwamba betri aliyouziwa ilikuwa betri ya kuwashia gari. Simu ya fundi haikupatikana. Risiti haikuwapo, wala karatasi yoyote. Mwalimu, aliyefundisha watoto wa kijiji hicho kusoma na kuandika kwa zaidi ya miaka thelathini, alirudi kusahihisha madaftari ya wajukuu wake kwa mwanga wa koroboi.

Wana Kagera wanaujua ugonjwa huu kwa jina lake jingine. Tunaijua butura, yaani ile biashara ya kuuza kahawa ingali ua mtini, mkulima akapokea fedha kidogo leo na kupoteza mavuno ya kesho. Serikali imeipiga vita, vyama vya ushirika vimeipiga vita, na kila kiongozi aliyesimama jukwaani mkoani humu ameilaani. Sasa tujiulize: mtu anayemlipa fundi fedha zote kabla hajaona hata msumari mmoja, anafanya nini kama si butura iliyogeuzwa? Katika butura ya kahawa mkulima huuza asichokivuna. Katika butura ya umeme wa jua hununua asichokiona. Mwenye hasara katika zote mbili ni yule yule.

Wako watakaosema kuwa teknolojia hii ni ngeni na makosa hayaepukiki. Hoja hiyo haina nguvu. Katika Afrika Mashariki umeme wa jua wa majumbani umekwisha kuwa na historia ya miongo kadhaa. Huko Meru, nchini Kenya, wakulima wa kahawa na walimu walianza kuununua tangu miaka ya 1980, baada ya shule za vijijini kuonyesha njia. Na hapa hapa mkoani kwetu, huko Karagwe, kilianzishwa katika miaka ya 1990 kituo cha KARADEA cha kufundisha mafundi wa umeme wa jua, ambacho kilipokea wanafunzi kutoka nje ya mipaka yetu. Elimu hii basi imewahi kutoka kwetu kwenda kwa wengine.

Wenzetu wa Kenya walijifunza jambo jingine kwa gharama kubwa. Majaribio yaliyofanywa mwaka 1999, na tena baadaye, yaliziumbua baadhi ya paneli zilizouzwa madukani kwa kuonyesha kuwa zilitoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa mgongoni. Mnunuzi hakuweza kulijua hilo kwa macho. Ilibidi vipimo vifanywe, aibu itangazwe na viwango vikazwe, na mwaka 2012 nchi hiyo ikatunga kanuni zinazomtaka fundi wa umeme wa jua awe na leseni. Funzo ni kwamba soko peke yake halimlindi mnyonge. Mnyonge hulindwa na sheria na maarifa yake mwenyewe.

Tuanze na maarifa. Fundi wa kweli haanzi kwa kutaja bei. Huanza kwa kuuliza maswali. Atauliza nyumba ina taa ngapi, zinawaka saa ngapi, na kama kuna televisheni au jokofu. Kisha atapiga hesabu, nayo si ngumu. Taa 6 za wati 5 zikiwaka saa 5 hula wati-saa 150. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 hula 160. Redio ya wati 10 kwa saa 5 hula 50, na simu za nyumbani zikachukua kama 40. Jumla ni wati-saa 400 kwa siku. Ukiongeza umeme unaopotea katika nyaya na betri, inafaa kuandaa wati-saa 550. Tukikadiria kuwa paneli itapata saa 4 za jua kamili kwa siku, nyumba hiyo inahitaji paneli isiyopungua wati 150.

Makadirio ya saa za jua ndipo mahali ambapo fundi mgeni au mzembe hukosea. Bukoba si Dodoma. Mji wetu hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma, na katika mwezi wa Aprili mawingu huweza kukaa juu ya ziwa siku nzima. Mtambo uliopimwa kwa jua la Julai utakufa kwa mvua ya Aprili. Vile vile, kwa kuwa tuko karibu sana na mstari wa Ikweta, jua hutupitia karibu utosini. Paneli haihitaji kuinuliwa sana, ila iwe na mteremko wa kutosha ili mvua iioshe vumbi. Adui mkubwa ni kivuli. Nyumba zetu zimo ndani ya vibanja, na migomba na miti ya matunda hukua. Fundi asiyetembea kuizunguka nyumba asubuhi na alasiri kukagua kivuli hajafanya kazi yake.

Betri nayo ina siri zake. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, na si kunyonywa polepole usiku kucha. Ukiitumia nyumbani itachakaa upesi. Betri ya asidi iliyotengenezwa kwa kazi ya jua, ya volti 12 na ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1,200, lakini ili idumu inafaa kutumia nusu tu, yaani 600. Kwa nyumba tuliyoipigia hesabu, huo ni usiku mmoja. Anayetaka kuvuka siku mbili za giza anahitaji betri mbili za namna hiyo. Betri za lithiamu hustahimili kutumiwa kwa kina zaidi na hudumu miaka mingi zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Hata waya una neno. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukipitisha ampea 10 kwa umbali wa mita 10 katika mtambo wa volti 12, hupoteza njiani zaidi ya volti 2. Waya wa milimita za mraba 6 kwa kazi ile ile haupotezi hata volti moja. Fundi anayebana senti kwenye waya anamwibia mwenye nyumba kila siku, na mwenye nyumba hajui. Fyuzi iwe karibu na betri, waya wa ethi uzikwe ardhini, na chuma cha kushikilia paneli kifungwe kwenye kenchi za paa, si kwenye bati tupu. Hatujasahau tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, wala radi na upepo wa ziwa unaong'oa mapaa.

Sasa tuje kwenye makubaliano. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi tuliopitia chuoni kwa maalimu kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa mapema kwamba deni la muda huandikwa na kushuhudiwa, hata baina ya ndugu, kwa sababu kuandika kunauhifadhi udugu wenyewe. Kwa hiyo hati iandikwe. Itaje kila kifaa kwa jina, ukubwa na idadi. Itaje siku ya kuanza na ya kumaliza. Itaje dhamana ya kila kitu na nani atakayeijibu. Mtengenezaji wa paneli aliye ng'ambo anaweza kuahidi miaka 25, lakini kama hakuna mtu wa hapa Bukoba au Muleba aliyetia sahihi kuwa atapanda juu ya paa lako kuikagua, ahadi hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi.

Malipo yagawanywe. Sehemu ya kwanza itolewe vifaa vikiwa vimefika nyumbani na kuhesabiwa mbele ya mashahidi. Sehemu ya pili itolewe kazi ikiisha na kujaribiwa usiku, taa zote zikiwaka. Sehemu ya mwisho, hata ikiwa ndogo, ibaki mpaka mwezi mmoja upite. Risiti ya kodi idaiwe kwa kila kilichonunuliwa. Na kabla ya yote hayo fundi aonyeshe leseni yake. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ndiyo yenye kazi ya kuwapa leseni mafundi wa kufunga umeme, na namba ya leseni iandikwe ndani ya hati. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa. Atakayechukia amekwisha kujieleza.

Ndugu zetu wa mjini wenye umeme wa TANESCO, wanaonunua betri na inveta ili kujikinga na katizo la umeme, wana wajibu wa ziada. Lazima pawepo swichi ya kubadilisha inayoutenga kabisa mtambo wa nyumbani na nguzo za barabarani. Bila swichi hiyo umeme wa nyumba yako unaweza kurudi kwenye waya ambao fundi wa TANESCO ameushika akiamini kuwa umezimwa. Kwa uzembe wa swichi moja mtu anaweza kumfanya mke wa mwenzake mjane.

Aidha, vijana wetu wa bodaboda wameanza kuulizia pikipiki za umeme, wakizisikia habari zake kutoka Kigali na Kampala. Swali ni zuri, lakini hesabu isisahauliwe. Betri ya pikipiki hizo huweza kubeba wati-saa 3,000, ambazo ni zaidi ya mara saba ya mahitaji ya siku nzima ya nyumba tuliyoieleza. Betri ya gari la umeme huweza kufika wati-saa 50,000. Fundi atakayekuambia kuwa paneli moja ya taa itachaji pia pikipiki hajui kazi, au anaijua na anakudanganya.

Tukiishia hapo tutakuwa tumetenda dhuluma, kwani fundi naye ana haki. Wapo wenye nyumba wanaofungiwa mtambo wa taa na redio, kisha wiki ya pili wakachomeka pasi, na msimu wa senene ukifika wakawasha taa kali usiku kucha kunasia wadudu. Betri ikifa, lawama zote kwa fundi. Wapo pia wanaozuia malipo ya mwisho bila sababu, wakijua kuwa kijana hana nguvu ya kuwashtaki. Hati tunayoitetea inawalinda wote wawili: ieleze kazi ambayo mtambo utafanya, na ieleze kazi ambayo hautafanya. Kijana aliyesomea ufundi akalipwa kwa wakati atabaki hapa mkoani, na atakuwapo miaka mitano ijayo betri itakapohitaji kubadilishwa na ile ya zamani kuondolewa kwa usalama, isije ikatupwa kibanjani na sumu yake ya risasi ikaingia katika udongo unaotulisha.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wa vijiji na mitaa wafungue daftari moja tu, liandikwe majina ya mafundi wenye leseni waliofanya kazi kijijini, nyumba walizozifungia, na kama taa bado zinawaka baada ya mwaka. Daftari hilo halihitaji bajeti, wala kusubiri mgeni rasmi. Mkulima kabla ya kutoa fedha yake ya kahawa ataweza kwenda kulisoma, kisha akabisha hodi kwa jirani usiku na kuona kwa macho yake.

Mwalimu wetu wa Muleba anasema atajaribu tena msimu ujao, Mungu akipenda. Mparachichi hataukata, kwa sababu aliupanda marehemu mkewe. Paneli itahamia upande mwingine wa paa. Na safari hii, kabla fundi hajapanda ngazi, atamkaribisha sebuleni, atatoa kalamu, na watakaa chini waandike.