Kosa la zamani ambalo Linux haiwezi kufuta

MKAZI wa Yamumbi, viungani mwa Eldoret, anapofungua picha katika simu ya Android, programu hukiomba kiini cha Linux kifungue faili. Ombi hilo ni wito wa mfumo. Masharti yake yakishatangazwa hayavunjwi, la sivyo programu za zamani zitakwama.

Wito uitwao open, pamoja na mwenzake openat, una dosari: kiini hupuuza alama kisizozijua badala ya kuzikataa. Programu inayotuma alama ovyo hufanya kazi leo. Alama hiyo ikipewa maana kesho, programu huharibika. Baya zaidi, programu mpya katika simu kuukuu haiwezi kujua iwapo ulinzi ilioomba umetekelezwa.

Ndipo Linux 5.6 ya mwaka 2020 ikaleta openat2. Huu hukataa alama ngeni waziwazi, na hupokea masharti pamoja na kipimo cha ukubwa wake, ili mengine yaongezwe baadaye.

Ukali nao una gharama. Nambari za simu zinazoanza kwa 01 zilipoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2019, fomu zilizoandikwa kukubali 07 pekee zilizikataa. Angalau hapo kosa lilionekana, likarekebishika.